Udongo wa kwenu ndio rangi yako ya kwanza

Kuna picha moja ambayo karibu kila mwanafunzi wa sanaa humu nchini ameichora. Jua jekundu linatua. Mgunga umesimama peke yake nyikani. Twiga anapita polepole, na pembeni kuna Mmaasai aliyesimama kwa mguu mmoja, mkuki mkononi.

Mchoraji mwenyewe huenda anaishi ghorofa ya sita mtaani Pipeline, Nairobi. Twiga amemwona mara moja tu, siku ya ziara ya shule. Na Mmaasai anayemfahamu kwa karibu ni mwanafunzi mwenzake anayemshinda kwa hesabu kila muhula.

Picha hiyo si mbaya. Kuna watu wamesomesha watoto wao kwa kuuzia watalii picha za aina hiyo, na mkono mtupu haulambwi. Shida huanza mwalimu anapouliza kiswali kidogo tu: “Na wewe uko wapi hapa ndani?” Darasa zima linanyamaza.

Swali hilo litaulizwa sana miaka hii. Mnamo Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi waliingia Gredi ya 10, na mmoja kati ya mikondo mitatu waliyowekewa mezani ni ule wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwa hivyo kuna kijana sasa hivi ambaye uchoraji kwake si jambo la kupitishia muda Ijumaa alasiri, bali ni somo lake kamili. Atatathminiwa kwalo.

Na ukichunguza mada ambazo wanafunzi wa sanaa hupewa, hapa kwetu na hata ng'ambo, utakuta tatu zinarudi kila mwaka: utambulisho, kumbukumbu na mazingira. Mimi ni nani? Nakumbuka nini? Ninaishi na mimea, maji, wanyama na udongo gani?

Wengi huzichukua kama mada tatu tofauti, kila moja na picha yake. Utambulisho, basi nachora bendera. Kumbukumbu, nachora nyanya akiwa jikoni. Mazingira, narudi kwa twiga. Lakini ukisoma maisha ya wasanii wetu waliofika mbali, utaona kwamba wao walizipata zote tatu mahali pamoja, nako ni katika kile kitu walichokishika mkononi: udongo, gome, karatasi kuukuu, mabati. Walichagua cha kuchorea kabla ya kuchagua cha kuchora.

Hebu tuanze na karatasi.

Pakiti ya unga na karatasi ya sabuni

Rosemary Karuga alizaliwa mwaka wa 1928. Alisomea sanaa katika Chuo cha Makerere kati ya 1950 na 1952, na ndiye mwanamke wa kwanza kusoma katika shule ya sanaa ya chuo hicho. Wakati ambapo wasichana wengi wa rika lake hawakuvuka darasa la nne, yeye alikuwa Kampala akijifunza ubunifu na uchongaji.

Alipohitimu alirudi Kenya akawa mwalimu. Akafundisha miaka mingi. Ile sanaa yake mwenyewe ikakaa kando, jinsi inavyokaa kando kwa watu wengi wenye kazi na familia.

Ilikuwa miaka ya themanini, akiwa tayari na umri mkubwa, ndipo alipoirudia kwa nguvu. Vifaa vya sanaa vilikuwa ghali. Basi Karuga akatazama vilivyokuwa ndani ya nyumba. Palikuwa na pakiti za unga. Palikuwa na karatasi za kufungia sabuni ya Rexona. Akazikatakata vipande vidogo vidogo, akavipanga na kuvibandika kwa gundi hadi vikawa kuku, ng'ombe, wanawake shambani, watu wakitembea.

Ukizitazama kazi hizo kwa mbali unaona picha ya kijijini. Ukisogea karibu unaona herufi za pakiti. Unaona rangi ambayo mama yako aliileta nyumbani ndani ya mfuko wa ununuzi. Yaani maisha ya kijijini yamechorwa kwa takataka za maisha hayohayo.

Kazi hizo zilivuka mipaka. Mwaka wa 1990 zilionyeshwa Studio Museum, mtaani Harlem, New York, pamoja na za wasanii wengine wa Afrika. Mwaka wa 2017 Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yalimtambua kuwa msanii wa mwaka, akiwa na miaka 89. Alifariki mwaka wa 2021.

Sasa wewe unayesema huwezi kuanza mradi wako kwa sababu shule haijanunua rangi, jiulize pakiti ngapi zimetupwa kwenu wiki hii.

Somo la barazani

Karuga hakutokea hewani. Shule aliyosomea ilianza kwa unyonge kabisa mwaka wa 1937, wakati Mwingereza Margaret Trowell alipoanza kufundisha sanaa Makerere, mwanzoni akitumia baraza ya nyumba yake kuwa darasa. Mmoja wa wanafunzi wake wa kwanza alikuwa kijana kutoka magharibi mwa Kenya, Gregory Maloba. Huyo ndiye aliyekuja kuchonga Mnara wa Uhuru unaosimama jijini Kampala tangu 1962, ule wa mtu aliyeinua mtoto juu.

Kutoka shule hiyohiyo alitokea Sam Ntiro, Mchaga aliyechora maisha ya mlimani kwao. Picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku ilinunuliwa na jumba la sanaa la MoMA jijini New York. Fikiria hilo kidogo. Jumba lile lingeweza kununua picha ya kitu chochote kutoka Afrika Mashariki. Lilichukua pombe ya ndizi ya Uchagani.

Kisha kuna Elimo Njau, naye mzaliwa wa Tanganyika na zao la Makerere. Mwaka wa 1959, muda mfupi baada ya kuhitimu, alimaliza kuchora kuta za kanisa la kumbukumbu mjini Murang'a, wakati huo ukiitwa Fort Hall. Kanisa lilijengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Njau alichora maisha ya Yesu tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa, ila Yesu wake ni mtu mweusi, na nyuma yake ni vilima, miti na mashamba ya Murang'a.

Mwaka wa 1959, nchi ikiwa bado chini ya mkoloni na majeraha ya vita yakiwa mabichi, hilo halikuwa jambo dogo. Waumini walioingia pale waliona hadithi waliyosomewa tangu utotoni ikitokea kwenye mteremko wanaoupanda kwenda kuteka maji. Mandhari yenyewe ndiyo iliyobeba kumbukumbu. Njau baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka wa 1965, ambapo vijana wengi walipata nafasi ya kuchora na kuonyesha kazi zao.

Chungu kisichotiwa rangi

Ukitaka kumwona mtu aliyekaa na udongo hadi ukamkubali, msome Magdalene Odundo.

Alizaliwa Nairobi mwaka wa 1950. Alianza na sanaa za matangazo ya biashara kabla ya kwenda Uingereza mwaka wa 1971 kusoma zaidi. Huko, katika chuo cha Farnham, akakutana na ufinyanzi. Lakini tazama alichofanya akiwa bado mwanafunzi: alirudi Afrika kujifunza. Mwaka wa 1974 alienda katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, nchini Nigeria, alikokuwa mfinyanzi mashuhuri Ladi Kwali, akaketi na wanawake waliofinyanga kwa mikono kama walivyofanya mama zao. Baadaye akajifunza pia kwa wafinyanzi wa jamii ya Wapueblo huko New Mexico, Marekani.

Msichana wa Nairobi aliyekuwa Uingereza angeweza kujiona amefika. Yeye aliona kuna walimu ambao chuo chake hakingeweza kuwaajiri.

Odundo hatumii gurudumu la mfinyanzi. Anaupandisha udongo kwa mkono, duara juu ya duara, anaukwangua hadi uwe mwembamba, kisha anaupaka uji wa udongo laini na kuusugua mpaka ung'ae. Hapaki rangi ya dukani. Rangi yote inatoka kwa udongo wenyewe na moto.

Hapa pana sayansi tamu. Udongo wenye chuma ukichomwa kwenye moto unaopata hewa ya kutosha, unatoka mwekundu wa machungwa, kama kutu. Chungu hichohicho ukikirudisha motoni na kukinyima oksijeni, kinageuka cheusi. Udongo ni uleule. Moto ndio umebadilika. Nani amesema aliye mkondo wa sanaa ameikimbia kemia?

Mwaka wa 2020 Odundo alitunukiwa hadhi ya Dame nchini Uingereza. Vyungu vyake viko katika majumba makubwa ya sanaa duniani. Na mbinu yenyewe, kwa msingi wake, ndiyo ambayo wafinyanzi wa vijiji vingi vya Kenya wanaitumia hadi leo, pengine hata kijijini kwa nyanya yako, bila mtu kuwauliza chochote.

Gome lenye mashimo

Michael Armitage alizaliwa Nairobi mwaka wa 1984 na akasomea uchoraji jijini London, katika Slade na kisha Royal Academy. Alifunzwa kuchora kwenye turubai, kitambaa ambacho wachoraji wa Ulaya wamekitumia kwa karne nyingi. Baada ya masomo, akiwa sokoni Nairobi kunakouzwa vitu vya watalii, akakutana na kitambaa cha lubugo.

Lubugo hutengenezwa Uganda kutokana na gome la mti uitwao mutuba. Fundi huambua gome, hulipasha moto, kisha huligongagonga kwa nyundo za mbao hadi liwe pana na laini kama nguo. Mti haufi. Shina hufungwa kwa majani ya mgomba, nalo gome huota tena. Kwa Waganda, hiyo ni nguo ya heshima. Wafalme wametawazwa nayo, na wafu wamezikwa nayo. Mwaka wa 2005 UNESCO ililitangaza fundisho hilo kuwa sehemu ya urithi wa binadamu.

Armitage aliacha turubai akaanza kuchora juu ya lubugo. Gome si nyororo. Lina matundu, lina makovu, lina mahali palipopasuka pakashonwa. Yeye hayafichi. Mara nyingi tundu linakaa katikati ya picha, na picha inalazimika kulizunguka. Amechora hivyo watu wa pwani, wanyama, wanasiasa na umati wa mikutano ya kampeni za uchaguzi wa 2017. Kitambaa cha maziko kimebeba habari za siasa zetu. Ukijua hivyo, huwezi tena kuitazama picha ile kama ulivyoitazama mwanzo.

Armitage pia ndiye aliyeanzisha kituo cha NCAI jijini Nairobi mwaka wa 2020, na wanafunzi wanaweza kuona humo kazi za wasanii wa eneo hili.

Naye Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1972 na kusoma Marekani hadi Chuo Kikuu cha Yale, alipata jina kwanza kwa kukata picha za magazeti ya mitindo na michoro ya zamani ya vitabu vya udaktari, akaviunganisha kuwa wanawake wa ajabu, nusu mtu, nusu mmea au mnyama. Baadaye akaunda sanamu kwa udongo mwekundu wa Kenya, karatasi iliyorojeka na matawi ya miti. Mwaka wa 2019 sanamu zake nne za shaba ziliwekwa kwenye ukuta wa mbele wa jumba la Metropolitan jijini New York, katika vishubaka vilivyokuwa vitupu tangu jengo lilipokamilika mwaka wa 1902. Miaka mia na zaidi vilisubiri sanamu, na aliyevijaza ni binti wa Nairobi.

Si lazima uende ng'ambo

Najua utasema, “Hao wote walipanda ndege.” Haya basi, twende Mukuru.

Mradi wa Wajukuu ulianzishwa na vijana wasanii katika mtaa wa Lunga Lunga, Mukuru, miaka zaidi ya 20 iliyopita. Wana studio na hufundisha watoto wa mtaa kuchora. Mwaka wa 2022 walialikwa kwenye maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, ambayo ni miongoni mwa makubwa zaidi duniani katika sanaa za kisasa.

Walipeleka nini? Mabati. Lango la jumba walilopewa walilifunika kwa mabati yenye kutu, kiasi kwamba mgeni aliyetaka kuingia alipita kwanza kwenye kijia chenye giza, kama vile vya Mukuru na kama mlango wa manyatta. Ndani, miongoni mwa kazi zao, kulikuwa na visu vingi vikuukuu vilivyolika kwa kunolewa mara kwa mara hadi vikabaki vyembamba kama majani. Mwaka huohuo Tuzo ya Arnold Bode, inayotolewa mjini Kassel, ikawajia.

Mabati hayo yangekuwa Mukuru, mtu angeyaita umaskini. Kule yakawa ushahidi wa jinsi watu wanavyoishi na wanavyojijengea. Tofauti ni kwamba safari hii wenye mabati ndio waliosimulia.

Akili unde haina nyanya

Mbona haya yote ni muhimu sasa hivi? Kwa sababu ile picha ya machweo na twiga sasa haina hata haja ya mchoraji. Andika maneno matano kwenye programu ya akili unde, utapata machweo kumi, yote yanang'aa, kabla chai haijapoa. Kama kazi yako kama mwanafunzi ni kunakili picha ambayo tayari iko kila mahali, umeingia mbio na mashine ambayo haichoki na haidai karo. Utashindwa, buda.

Lakini mashine haijawahi kuchimba udongo nyuma ya nyumba yenu. Haijui kwamba ule mwekundu wa upande wa juu ndio nyanya alioupaka ukuta wakati wa Krismasi, na ule wa kijivu wa kando ya mto ndio aliokatazwa kuuchota baada ya shamba kuuzwa. Wewe unajua. Na kama hujui, yuko mtu nyumbani anayejua, na hatakuwepo milele.

Nami naona hapo ndipo penye uzito. Mwanafunzi akikosa alama anaweza kurudia. Mzee akiondoka na jina la kijito kilichokauka, hakuna kurudia.

Jinsi ya kuanza

Tuseme umekubali. Fanya hivi.

Kusanya udongo wa rangi tofauti, vijiko vichache tu kila mahali. Kenya imejaa: mwekundu wa Kiambu na Murang'a, mweusi wa tambarare za Athi unaokunasa viatu mvua ikinyesha, chokaa nyeupe ya Pwani. Ukaushe, uponde, kisha uutie maji na kuukoroga. Subiri kidogo mchanga utuame chini, halafu umimine yale maji yenye rangi kwenye chombo kingine. Yakitulia, rangi laini itabaki chini. Ikauke, isage.

Sasa unahitaji cha kuifanya ishike kwenye karatasi. Gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji itafanya kazi. Kiini cha yai pia, kama walivyofanya wachoraji wa kale. Na kuna gundi ya mgunga, inayokusanywa Turkana, Samburu, Isiolo na Wajir na kuuzwa hadi nje ya nchi. Hiyo ndiyo inayoshikilia rangi za maji zinazouzwa madukani kwa bei ya kukutoa jasho. Yaani ule mgunga uliokuwa unauchora tu kwenye machweo, kumbe ungekupa rangi yenyewe.

Rangi ya udongo haipauki haraka. Manjano ya jikoni inapendeza lakini jua huimaliza. Udongo hudumu. Ukitaka ushahidi, nenda Kakapel, kaunti ya Busia, au kisiwa cha Mfangano katika Ziwa Victoria, uone michoro ya mwambani iliyochorwa kwa nyekundu na nyeupe na watu walioishi huko zamani sana.

Kwa makaa ya kuchorea, jaza vijiti vyembamba vikavu ndani ya kopo lenye kifuniko, toboa tundu dogo juu, liweke motoni hadi moshi uishe, kisha uliache lipoe kabisa kabla ya kulifungua. Fanya hivyo nje, mtu mzima akiwepo.

Jambo la pili ni heshima. Kumbukumbu zina wenyewe. Miaka ya themanini vigango, zile nguzo za Wamijikenda zinazosimamishwa kuwakumbuka wazee waliofariki, viliibwa kwa wingi na kuuzwa, vingi vikaishia Marekani. Viwili vilivyoibwa mwaka wa 1985 viligunduliwa katika makavazi ya vyuo vya huko na kurejeshwa kwa familia ikiwa imepita miaka zaidi ya 20. Walioviweka ukutani waliviona vizuri kwa macho. Hawakujua, au hawakutaka kujua, kwamba hivyo ni jamaa za watu.

Kwa hivyo kabla hujaweka alama ya kaburi, ya jando au ya ibada kwenye kazi yako, uliza. Ukikatazwa, kubali. Kukatazwa kwenyewe kunaweza kuwa mada.

La tatu, usiumize kile unachokipenda. Mutuba unaambuliwa na fundi anayejua namna ya kuuponya. Wewe ukiambua mti wa shule utaukausha bure. Okota vilivyokwisha kuanguka au kutupwa. Huko Lamu mafundi wa jahazi walijenga chombo cha Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa ufukweni na mitaani, kikafunikwa kwa ndara takriban 30,000 za rangi zote, na mwaka wa 2019 kikasafiri kwa tanga hadi Zanzibar. Ufundi ulikuwa wa mababu, mbao tu ndizo zilizobadilika.

Kwa mzazi anayeuliza “utakula picha?”

Swali hilo si la kudharauliwa. Sanaa haina mshahara wa uhakika mwisho wa mwezi. Karuga mwenyewe aliishi kwa ualimu, si kwa picha. Odundo alianza na matangazo ya biashara. Kijana anayeingia mkondo huu anafaa kujua hivyo mapema, na pia ajue kuwa macho yaliyofunzwa yana kazi katika usanifu wa majengo, nguo, filamu, vitabu vya watoto, makavazi na ualimu.

Ila mzazi naye ana kazi. Mtoto akija jikoni kuomba pakiti ya unga, usimfukuze. Akimsumbua babu yake kwa maswali kuhusu mti uliokuwa hapo mbele, mwache amsumbue. Na siku ukipita katikati mwa jiji, mpeleke Nairobi Gallery, karibu na Nyayo House, kwenye hazina iliyokusanywa na aliyekuwa makamu wa rais Joseph Murumbi na mkewe. Aone kwamba kiongozi mkubwa wa nchi alitumia pesa zake kununua sanaa ya Afrika wakati wengi waliiona ya kuuzia wazungu tu. Mcheza kwao hutunzwa, lakini lazima kuwe na wa kumtunza.

Likizo ijayo, basi, kabla hujafungua simu kutafuta picha ya kunakili, toka nje na kopo tupu. Omba udongo kwa mtu anayeujua. Muulize umetumika kwa nini, nani aliutumia, na mahali pale paliitwaje kabla ya kuitwa plot. Chora kitu kimoja tu kwa huo udongo, hata kama ni mlango wa jikoni.

Kisha geuza karatasi na uandike nyuma, kwa kalamu isiyofutika: udongo ulitoka wapi, nani alikupa, tarehe gani. Peleka hiyo kwa mwalimu.